Duka Lako na Shule ya Jirani: Jinsi ya Kushirikiana Bila Kuumizana

Picha hii umeiona mara nyingi. Hundi ya karatasi ngumu, ndefu kama meza, imeshikwa na watu watano waliovalia suti. Mbele yao wanafunzi wamepangwa mistari, jua la saa saba linawachoma, wanatabasamu kwa sababu wameambiwa watabasamu. Nyuma kuna bango lenye nembo ya kampuni. Mimi nilisomea masoko chuo kikuu, na ukiniuliza picha ile inamfaidi nani, nitakuambia ukweli: ni yule aliyechapisha bango. Wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka jina la kampuni, na shule imerudi sokoni kukopa maharagwe.

Makala haya ni ya yule anayekopwa maharagwe. Ni ya mwenye duka la nafaka, fundi wa sare, mama wa mikate, muuza maziwa, mwenye karakana ya pikipiki. Ni ya mwalimu mkuu na mhasibu wake pia, kwa sababu nao wana lawama zao na nyingine ni za haki.

Tukisema ushirikiano wa shule na biashara, wengi wetu tunafikiria msaada. Shule imenyoosha mkono, mwenye biashara ametoa. Si ajabu, maana shule nyingi hapa Kenya zilijengwa kwa harambee miaka ile baada ya uhuru, mzazi analeta mawe, mwenye duka analeta mabati, na tabia ya kuiona shule kama mahali pa kuchanga haijatutoka. Lakini chukua kalamu. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma ni Ksh 22,244 kwa mwaka. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, kwa karatasi, ni Ksh 8,897,600. Si zote zinafika shuleni, kuna sehemu hukatwa huko juu, na si zote ni za kununua vitu. Sasa toa nusu. Toa hata robo tatu. Bado umebaki na zaidi ya milioni mbili, na hapo hatujagusa pesa ambazo wazazi wanalipa za chakula cha mchana. Ni nani mwingine mtaani kwako ananunua vitu vya kiasi hicho kwa mwaka mmoja?

Shule iliyo hatua mia tano kutoka dukani kwako huenda ndiyo mteja mkubwa kuliko wote ulio nao, au ambaye ungekuwa naye. Na ushirikiano wowote wa maana, hata ule wa zawadi na wa kufundisha watoto kazi, huota kutoka hapo: kwamba mmoja anauza kitu kizuri na mwingine analipa kwa wakati. Ukiruka hatua hiyo, mengine yote ni picha.

"Mama, tutakulipa pesa zikiingia"

Mama yangu anauza nafaka sokoni, huko Ukambani. Mwaka 2018, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa jirani alikuja dukani mwenyewe akaomba magunia 4 ya maharagwe kwa mkopo. "Mama, tutakulipa pesa zikiingia." Mama hakuona shida. Mwalimu ni mtu wa heshima, na shule haihami. Mwezi uliofuata alichukua magunia 4 mengine, kisha 4 tena. Gunia lilikuwa Ksh 7,200. Jumla Ksh 86,400, na zote zilikuwa kwenye daftari la mama, zimeandikwa kwa kalamu ya buluu: tarehe, magunia, jina la shule. Basi. Hakukuwa na sahihi ya mtu yeyote.

Kweli shule haihami, lakini mwalimu mkuu anahama. Wakati ule TSC ilikuwa inawapeleka walimu wakuu mbali na kaunti zao za nyumbani, na huyu naye akahamishwa. Aliyekuja baada yake alimsikiliza mama kwa adabu kabisa, akafungua faili, hakukuta kitu. "Mama, mimi siwezi kulipa deni ambalo shule haina habari nalo." Mhasibu alikumbuka kuna pesa zilitumwa kwa simu ya mama, kama Ksh 15,000 hivi. Mama alikubali, ndiyo, zilitumwa. Lakini zilitoka kwa laini ya nani? Zilikuwa za magunia yapi? Ujumbe haukuwepo tena, na simu yenyewe ilikuwa imeharibika.

Muhula huo huo nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilikuwa nadaiwa Ksh 18,500. Nilifika na sanduku langu, mama ananiangalia, na sote wawili tunajua kwamba kilomita mbili kutoka hapo kuna shule iliyo na pesa zake zaidi ya mara tatu ya hizo. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Mwaka uliofuata alilipwa sehemu, baada ya mzazi mmoja aliyekuwa kwenye bodi ya shule kusimama naye. Zilizobaki aliziachilia.

Angalia vile hakuna mwizi hata mmoja kwenye hadithi hii. Mwalimu wa kwanza alitaka wanafunzi wale. Wa pili alikuwa analinda pesa za umma. Mama alimwamini mtu anayefaa kuaminiwa. Kilichokosekana ni karatasi moja na njia moja ya malipo.

Pesa za shule zina misimu

Shule haipati pesa kila siku kama kioski. Mgao wa serikali huja mara tatu kwa mwaka, na haugawanywi sawa. Utaratibu ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Yaani kati ya zile Ksh 22,244, kama 11,122 ni za muhula wa kwanza, na takriban 4,449 tu ndizo za muhula wa tatu. Halafu zinachelewa. Kila mara utasikia walimu wakuu kwenye habari wakilia kwamba shule zimefunguliwa na pesa hazijafika, au zimefika nusu. Kwa hivyo anayekuambia "pesa zikiingia" hakudanganyi. Hata yeye hajui ni lini.

Kuna jambo la pili ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Pesa za shule ya umma haziko kwenye kikapu kimoja. Kuna akaunti ya masomo, ambayo ni ya vitabu, chaki na kemikali za maabara. Kuna ya uendeshaji, ya mambo kama stima, maji, na mishahara ya wafanyakazi wa shule. Kuna ya ujenzi. Na kuna pesa za wazazi, kama za chakula. Pesa za chaki haziruhusiwi kununua maharagwe hata kama akaunti imefurika. Mwalimu mkuu anayezihamisha hivi hivi anajitafutia shida na wakaguzi. Ndiyo maana swali muhimu kuliko bei, unapokaa na mwalimu mkuu, ni hili: "Mwalimu, hii nitalipwa kutoka akaunti gani?" Akikujibu bila kusita, uko na mtu anayejua mpango wake. Akianza kuzunguka, punguza magunia.

Sasa fikiria pesa za wazazi. Kwenye shule nyingi za kutwa wazazi hukubaliana kulipia chakula cha mchana, na hawalipi kwa mkupuo. Mmoja anatuma mia mbili Jumatatu, mwingine mia tano Ijumaa akiuza kuku. Shule ikiwa na nambari ya Paybill, na kila mzazi akiandika nambari ya usajili ya mtoto wake kama akaunti, hizo pesa ndogo zinaingia kila siku na zinajulikana ni za nani. Huu ndio mto usiokauka. Kwa hivyo ukiwa unauza vitu vya kila wiki, nafaka, mboga, mkate, maziwa, omba ulipwe kutoka hapo, kila wiki. Ukiwa unauza vitu vya mara moja, saruji, madawati, karatasi za mitihani, hapo unaweza kungoja mgao, lakini panga bei yako ukijua unangoja.

Nairobi kuna mpango unaoonyesha vile pesa ndogo ndogo zinaweza kukusanywa bila sarafu kupotea njiani. Ni Dishi na County, ulioanzishwa mwaka 2023 na serikali ya kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Mzazi anaweka pesa kwa simu, mtoto ana kikuku mkononi, anakigusisha kwenye mashine na kupata sahani yake. Mzazi analipa Ksh 5 kwa mlo, zilizobaki zinajazwa na kaunti na shirika. Shule yako ya kijijini haihitaji vikuku. Inahitaji ile kanuni tu, kwamba kila shilingi iingie na jina.

Hesabu ya kungoja

Nataka tukae hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wanaumia.

Chukua ile shule ya wanafunzi 400. Kila mmoja akila gramu 80 za maharagwe kwa siku, ni kilo 32. Siku tano ni kilo 160, yaani unapeleka kama magunia 2 ya kilo 90 kila wiki. Tuseme unanunua gunia Ksh 8,200 na unauzia shule Ksh 9,000. Faida ni Ksh 800 kwa gunia. Baada ya wiki nne umepeleka magunia 8. Pesa zako zilizofungwa huko ni Ksh 65,600, na faida unayoingojea ni Ksh 6,400.

Sasa, kama hizo Ksh 65,600 ulizikopa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na shule ikakulipa baada ya miezi miwili, riba peke yake ni Ksh 6,560. Umebeba magunia, umelipa bodaboda, umeamka saa kumi na moja kwenda sokoni, na mwisho umeongeza Ksh 160 kutoka mfukoni mwako ili watoto wa watu wengine wale. Hiyo ni harambee ambayo hukuulizwa kama unataka kuchanga.

Kwa hivyo kabla ya gunia la kwanza kutoka dukani, amua kikomo cha deni. Si lazima kiwe kikubwa. "Mwalimu, nitaleta magunia 2 kila Jumatatu. Nikifikisha magunia 4 sijalipwa, ninasimama hadi nilipwe." Mwambie mapema, kwa upole, kabla njaa haijaingia. Ukimwambia ukiwa tayari umekasirika, hayo si mashauriano, ni ugomvi, na ugomvi na shule hauwezi kuushinda. Watoto wako wanasoma pale, au watasoma.

Na kwa upande wa shule: mwalimu mkuu anayelipa kila wiki anaweza kuomba bei ya chini, na atapewa. Anayekopa hupewa bei ya mkopo hata kama hakuna anayeitaja. Ukienda kumkopa mama wa nafaka muhula mzima, amini usiamini, ile shilingi mia ya wasiwasi ameshaiweka kwenye gunia.

Karatasi, na usizikimbie

Shule ya umma inanunua chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, sawa na wizara. Watu wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa, wanadhani ni mambo ya watu wakubwa. Sivyo. Sheria hiyo hiyo ndiyo inakulinda, na tena kuna mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya nafasi za ununuzi wa umma kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mama yangu angeweza kuingia hapo. Hakuna aliyemwambia.

Unachohitaji kwa kawaida ni biashara iliyosajiliwa, kibali cha kaunti, PIN ya KRA na cheti cha kutii kodi. Siku hizi pia utaulizwa ankara ya eTIMS, kwa hivyo jisajili mapema, usingoje siku ya kulipwa ndio uanze kuuliza nywila. Shule hutangaza nafasi za kusajili wauzaji, mara nyingi tangazo hubandikwa langoni, likawa linasomwa na mbuzi. Lisome wewe.

Ukishaingia kwenye orodha, karatasi ni tatu tu. Shule inakupa LPO kabla hujaleta kitu. Ukileta, anayepokea anatia sahihi na muhuri kwenye hati ya kupokelea, akiandika ni kiasi gani kimefika, maana gunia la kilo 90 lina tabia ya kufika likiwa na kilo 87. Kisha unatoa ankara. Nakala za zote tatu weka nyumbani, na zipige picha kwa simu. Mwalimu mkuu akihamishwa kesho, deni linabaki la shule, kwa sababu lina nambari ya LPO na muhuri.

Na kama wewe mwenyewe uko kwenye bodi ya shule, ile BOM, au ni mke au mume wa mtu aliye kwenye bodi, sema wazi na utoke chumbani wakati bei yako inajadiliwa. Mtaani hakuna siri, na maneno ya "ati shule inalisha familia moja" yakianza hayazimiki.

Malipo yapitie mlango mmoja

Hapa ndipo kazi yetu sisi watu wa malipo inaingia, na nitasema bila kuzunguka.

Usipokee pesa za shule kwenye laini yako ya kibinafsi. Fungua Till ya biashara. Kwenye laini yako pesa za maharagwe zinachanganyika na za chama, za mtoto na za shemeji aliyekopa, na baada ya miezi mitatu hata wewe huwezi kuzitenganisha. Kwenye Till unaweza kutoa taarifa ya miamala ya muhula mzima na kuiweka mezani. Kila muamala una msimbo wake, kwa mfano ule wa M-Pesa una herufi na tarakimu 10. Uandike msimbo huo kwenye nakala ya ankara iliyolipwa, kwa kalamu, siku hiyo hiyo. Ni kazi ya sekunde ishirini. Ingemwokoa mama.

Shule nayo isilipe kutoka simu ya mhasibu wala ya mwalimu mkuu, hata kama ni kwa nia nzuri ya kuharakisha. Pesa zitoke kwenye akaunti ya shule. Ikiwa malipo ni makubwa, kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi Ksh 250,000, kwa hivyo benki inaweza kuwa njia rahisi kuliko kugawanya ankara moja vipande vipande. Wakaguzi hawapendi kuona ankara imekatwakatwa, na sababu wanayo.

Kinyume chake pia. Ukitaka kuchangia shule, tuma kwa Paybill ya shule au akaunti ya benki, kamwe usitume kwa nambari ya mtu. Mwalimu wa shule ya umma ni mtumishi wa umma. "Kitu kidogo" unachomtumia baada ya kupata tenda kina jina lingine mahakamani.

Tahadhari moja ya lazima, kwa sababu wateja wetu wanatupigia simu wakilia. Mtu anakupigia, sauti ya mwalimu kabisa, nyuma unasikia kengele. "Mimi ni mwalimu mkuu wa shule fulani, tumekuchagua utuletee magunia 50, lakini tuma kwanza Ksh 6,000 ya kufungua faili." Wengine wanakuunganisha na "mhasibu" ambaye naye anakuunganisha na mtu wa kaunti. Hakuna shule inayodai utume pesa kwa simu ya mtu ndio upewe tenda. Kata simu, vaa viatu, nenda shuleni uulize ofisini.

Zaidi ya kuuza

Mkishalipana vizuri mihula miwili mitatu, ndipo mambo mengine yanawezekana, na yanakuja yenyewe.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, na mojawapo ya masomo ya lazima ni yale ya kuhudumia jamii. Shule zinatafuta mahali pa kuwapeleka. Shule ya Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959, imekuwa na utaratibu wa wanafunzi kujitolea kazi katika ofisi na hospitali wakati wa likizo kwa miaka mingi, kwa hivyo si jambo geni nchini. Jipya ni kwamba sasa linafika hadi shule ya kutwa ya mtaani kwako. Karakana inaweza kuchukua wanafunzi sita Ijumaa alasiri wakaona injini ikifunguliwa. Duka la nafaka linaweza kuwapa wanafunzi wa masomo ya biashara kazi ya kuhesabu bidhaa zilizopo na kupanga daftari la mauzo. Hii ya pili naipenda sana kwa sababu mwenye duka anapata kitu anachohitaji kweli, na mwanafunzi anagusa hesabu ambayo si ya kitabuni. Ila mwanafunzi si kibarua. Asibebe magunia, mwalimu awepo au ajue aliko, na saa za kurudi ziandikwe.

Sare ni mahali pa kuwa mwangalifu. Fundi akiwa na mkataba mzuri na shule ni sawa, shida inaanza wazazi wakilazimishwa kununua kwake peke yake kwa bei yake. Mamlaka ya Ushindani imewahi kuonya shule kuhusu jambo hilo. Njia safi ni shule itangaze rangi na kitambaa, fundi ashindane kwa bei na mshono, na mzazi achague. Kama wewe ni fundi mzuri, huogopi hiyo.

Kama unataka kurudisha shukrani, fungamanisha mchango na mauzo. Duka la vitabu linaweza kusema asilimia 3 ya mauzo ya wiki mbili za kufungua shule yataenda kwa maabara. Wazazi 400 wakinunua vya Ksh 2,500 kila mmoja, mauzo ni milioni moja, na mchango ni Ksh 30,000. Fungua Till tofauti ya kipindi hicho, ili mwisho taarifa ya miamala ionyeshe wazi kiasi kilichouzwa na wazazi wasibaki wakinong'ona.

Halafu ile picha. Watoto wana ulinzi chini ya sheria ya data ya mwaka 2019, na huwezi kutumia picha zao bila idhini ya mzazi. Mwaka 2023 shule moja hapa nchini ilitozwa Ksh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hizo ni maabara ngapi? Ukitaka kujitangaza, piga picha ya maabara yenyewe, au ya mikate ikitoka motoni saa kumi na mbili asubuhi kwenda shuleni. Mimi kama mtu wa masoko nakuambia hiyo ya mikate inauza zaidi.

Ukianza wiki hii

Andika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, uipeleke kwa mwalimu mkuu na nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Taja unauza nini na kwa bei gani hadi mwisho wa muhula. Taja unaweza kuleta kiasi gani kwa wiki, kikomo chako cha deni, nambari yako ya Till, na uulize ni akaunti gani italipa. Ambatanisha nakala ya kibali na ya PIN. Usiandike sifa nyingi, hakuna anayezisoma.

Mama yangu sasa anapelekea shule mbili, magunia 2 kwa 2, na barua aliiandika kwa mkono mimi nikikosoa. Shule moja ilipouliza kama anaweza kuwapa magunia 10 hadi mgao uje, alijibu kwa ujumbe mfupi wa maneno manne: "Mwalimu, kikomo ni manne." Bado wanafanya kazi pamoja.

Barua yako ipeleke mwenyewe, kwa mguu, wiki ya pili ya muhula. Wiki ya kwanza mwalimu mkuu hana hata nafasi ya kunywa chai.